Nyota Iliyopumzika Jumapili

Mzee Jokofu hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia asubuhi alikujibu vizuri, hilo lazima tuliseme, maana kiburi hakuwa nacho hata chembe. Lakini ukingoja kwamba baada ya "nzuri" litafuata jambo jingine, ungesimama hapo mpaka miguu iote mizizi. Mkewe alikuwa ameolewa naye ujanani, sasa nywele zina mvi, na bado alikuwa amesimama anangoja.

Jina la Jokofu alilipatia kazini. Alikuwa fundi wa mitambo ya baridi katika kiwanda cha maziwa, na aliipenda mitambo ile kwa sauti zake. Aliposafiri kwenda msibani au harusini hakulala vizuri, kwa sababu kwa watu hakukuwa na kitu kinachovuma. Alipostaafu, wenzake wa rika lake walianza kufuga kuku au kugombana na wakwe. Yeye aliuhamishia mvumo nyumbani. Alinunua kinanda cha umeme kilichokwisha kutumika, akaunda kisanduku chenye vitufe vya kuzungusha na nyaya za kila rangi, akaazima kompyuta ya mpwa wake na kusahau kuirudisha, kisha akafumua redio ya zamani ya masafa mafupi na kuifunga upya kwa namna aliyoijua mwenyewe. Vyote hivyo akavipanga katika chumba kidogo cha nyuma, akavaa hedifoni, akaanza kutengeneza muziki.

Sasa muziki wenyewe, sijui nikuelezeje. Hauna kuimba, hauna gitaa. Noti moja inaingia polepole, inakaa, inanyooka. Nyingine inaingia chini yake, nzito zaidi. Halafu zinakaa pamoja muda mrefu bila haraka ya kwenda popote. Jirani mmoja alisikiliza dirishani akasema huo si muziki, ni friji imefiwa. Mke wa Mzee Jokofu alicheka mpaka akashika ukuta, lakini moyoni aliupenda. Ukiusikia wakati unapiga pasi, unajikuta umesimama na pasi mkononi unatazama mawingu, na shati linaanza kunuka moto.

Huyu mke ndiye tunayemzungumzia, na kazi yake ilikuwa kushona. Pale mtaani wanawake waliitwa kwa majina ya watoto wao, mama wa huyu na mama wa yule. Yeye wakamwita Mama Cherehani. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Mtu lazima aitwe kitu.

Mtoto alikuwapo, mmoja, kwa muda mfupi sana. Mama Cherehani alipasuliwa hospitalini, akalazwa hajitambui, na alipofumbua macho walimwambia alikuwa wa kike, hakuvuta pumzi, na ameshazikwa. Mumewe ndiye aliyepewa mtoto mikononi. Mumewe ndiye aliyemwona. Aliporudi nyumbani, kovu bado bichi, Mama Cherehani alimuuliza kitu kimoja tu: "Alikuwaje?" Mumewe akatazama chini akasema, "Tumwachie Mungu." Mazungumzo yakafungwa hapo. Chumba kidogo cha nyuma, ambacho walikuwa wamekipaka rangi ya manjano kwa ajili ya mgeni huyo, kikakaa na masanduku, kikakaa na baiskeli mbovu, na mwishowe kikakaa na kinanda na redio. Hakumuuliza tena. Lakini usidhani aliacha kutaka kujua. Kuna wanawake waliozika watoto wakubwa na wakabaki na sura ya kulilia. Yeye hakuwa na sura. Alimlilia mtu ambaye hakuweza hata kumwota.

Basi, cherehani yake, ile ya umeme yenye mota ubavuni, ilikaa chumba kinachofuata, ukuta mmoja tu katikati.

Nyota ilianza hivi. Mzee Jokofu alikuwa na tabia ya kuiweka redio mahali pasipo na stesheni yoyote na kusikiliza ule mkwaruzo. Alikuwa amesikia katika kipindi fulani kwamba ndani ya mkwaruzo huo imo chembe ya sauti iliyobaki tangu ulimwengu ulipoanza, na jambo hilo lilimwingia kuliko mahubiri yote aliyowahi kuketishwa kuyasikiliza. Jioni moja, baada ya chakula, ndani ya mkwaruzo akasikia mapigo. Tr-tr-tr-tr, yanatulia, tr-tr-tr-tr-tr, yanakaza mwendo, yanalegea. Alitoka chumbani hedifoni zikimning'inia shingoni, akasema sentensi ndefu kuliko zote alizosema mwaka ule.

"Mke wangu, kuna nyota zinazopiga kama moyo, nilisikia, wataalamu wanazijua, na mimi leo nimeipata moja."

"Hongera," alisema Mama Cherehani, pini za kushonea amezibana midomoni.

Akarudi chumbani mbio kama kijana. Kuanzia hapo kila jioni alikuwa na nyota yake. Aliirekodi, akaitandika chini ya zile noti ndefu kama ngoma, na muziki ule uliokuwa umekaa tu sasa ukasimama na kutembea. Hata jirani wa friji alikiri kwamba sasa umepata miguu.

Mama Cherehani aligundua mapema. Uzi ulimkatikia, akaondoa mguu kwenye kanyagio, na upande wa pili wa ukuta akasikia, "Aa! Imepotea!" Akatunga uzi, akakanyaga. "Imerudi!" Akaondoa mguu makusudi. "Imepotea tena." Akakanyaga. "Hiyo!" Alijiziba mdomo kwa gauni la mteja akacheka mpaka machozi yakalowesha kola.

Na hapa ndipo ninapomshangaa mzee wetu, kwa upendo wote nilio nao kwake. Nyota ilitoka baada ya chakula cha jioni, mkewe akishaosha vyombo. Jumapili haikutoka kabisa, na Jumapili mkewe hakushona. Umeme ukikatika nyota nayo ilizimika, ilhali redio ilikuwa ya betri na inaendelea kukwaruza. Mtu aliyeishi na mota maisha yake yote, anayejua kwamba mota hukwaruza redio, aliyaona hayo yote, akayapima, akafikia uamuzi kwamba hata nyota zina siku ya mapumziko. Penye miti hapana wajenzi. Ule mlio wa cherehani alikuwa ameuzoea miaka na miaka mpaka masikio yake yalishaacha kuuhesabu kuwa sauti, na akivaa hedifoni ndiyo kabisa.

Mama Cherehani alipanga kumwambia siku hiyo hiyo, wakiwa mezani, wacheke wote. Aliahirisha mpaka kesho kwa sababu alitaka kukifurahia kichekesho peke yake kidogo. Hiyo kesho ndiyo iliyoharibu mambo, au iliyoyatengeneza, utaamua mwenyewe. Maana jioni iliyofuata alimsikia mumewe akiongea.

Mtu aliyevaa hedifoni anadhani ananong'ona, kumbe ananadi mnadani. "Leo goti limenisumbua," Mzee Jokofu aliiambia nyota. "Sikumwambia. Ataanza habari za kwenda hospitali."

Mama Cherehani aliendelea kukanyaga, polepole, kama mtu anayepita karibu na ndege asimrushe.

Jioni baada ya jioni maneno yakatoka. Kumbe siku ya kustaafu alilia chooni pale kiwandani, akanawa uso, akatoka kucheka na wenzake. Mkewe aliikumbuka siku ile: mumewe alirudi na saa ya ukutani ya zawadi, akaipachika, akasema, "Basi." Kumbe lile gauni la bluu alilolivaa mkewe harusini kwa dada yake, ambalo Mzee hakulisemea kitu, alikuwa analifikiria mpaka leo. "Ungemwona," aliiambia nyota. "Nilitaka kusema kitu, lakini gari lilikuwa limeshafika." Na kumbe alikuwa anaogopa. "Nikitangulia mimi, atabaki na nyaya zote hizi, hajui ipi ya kuchomoa. Akitangulia yeye, nitaongea na nani?"

Hapo mguu wa Mama Cherehani uliteleza ukaacha kanyagio.

"Usiondoke," ilisema sauti ukutani, na haikuwa sauti ya mchezo. "Bado sijamaliza."

Akakanyaga haraka.

Sasa niambie, wewe ungemwambia? Alikuwa amengoja miaka yote hiyo kumsikia mwanamume huyu, na amempata ukutani. Alijiita mwizi, akajitetea, akajihukumu, kisha akaketi tena kushona. Zilipoisha nguo za wateja alishona foronya, maana foronya haina kazi, ni kunyoosha tu, na masikio yanabaki huru. Alizigawa kwa mashemeji, kwa mawifi, kwa jirani wa friji. Ikafika mahali ndugu wana foronya kuliko vichwa. Na kila jioni alipoketi alikuwa anangoja neno moja. Mtu aliyeiambia nyota habari za goti na za choo cha kiwandani, iko siku ataiambia na habari za mtoto. Atasema alikuwaje. Na yeye atakuwa hapa, mguu juu ya kanyagio, atasikia.

Nyota haikuambiwa. Mara nyingine mumewe alifika karibu. "Chumba hiki," angeanza, "tulikipaka rangi sisi wenyewe," halafu kimya, halafu kinanda.

Aliyeleta msukosuko ni mpwa wa Mzee Jokofu, binti wa dada yake, mwenye ile kompyuta. Alifanya kazi katika kituo kidogo cha redio na alikuwa na mdomo wa kumtosha yeye na mjomba wake pamoja. Alikuja mchana mmoja, akawekewa hedifoni, akakaa kimya kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kisha akaruka.

"Mjomba! Hii haiwezi kukaa chumbani. Jumamosi unakuja studio. Na usije na rekodi, unakuja na redio yako yenyewe, unaitafuta hiyo nyota hewani, watu wasikie inavyopatikana."

"Nitakuja," alisema Mzee Jokofu, meno yote nje.

Mama Cherehani alikuwa anamimina chai, akamimina mpaka kikombe kikafurika na sahani nayo. Aliiona Jumamosi ilivyo: mumewe mbele ya watu, amevaa shati lake zuri, anazungusha kitufe na kuzungusha, na mbinguni hakuna mtu.

Wiki ile hakulala vizuri. Akimwambia, nyota inakufa, na yule mtu wa ukutani anakufa nayo, na mtoto wake hatapata sura kamwe. Asipomwambia, anamtoa mumewe kwenda kuchekwa. Alitafuta njia ya tatu kama kila mtu anavyofanya, hakuiona. Alhamisi alasiri alipiga moyo konde.

"Mume wangu, hebu njoo na redio yako. Chomoa hedifoni, acha isikike."

Alikuja akasimama mlangoni, redio kifuani, inakwaruza. Mama Cherehani aliketi kwenye cherehani. Alikanyaga. Tr-tr-tr-tr, ikasema redio. Aliondoa mguu, ikanyamaza. Akakanyaga tena, akaondoa tena. Mzee Jokofu aliitazama mota, akautazama mguu wa mkewe. Ungeuona uso wake ungemhurumia, maana mambo yote yalikuwa yanamfikia kwa pamoja, Jumapili na umeme na vyombo.

"Tangu lini unajua?" aliuliza.

"Tangu mwanzo."

Alifikiri. "Nilikuwa naongea kule ndani."

"Ulikuwa unaongea."

"Ulisikia?"

"Unaongea kwa nguvu ukivaa hayo madude. Nilisikia yote." Na kwa kuwa maji yalikuwa yameshamwagika, akayamwaga yaliyobaki. "Nilitaka kukwambia siku ya kwanza. Halafu nikakaa kungoja uiambie nyota mtoto alikuwaje. Mimi sikumwona. Wewe ulimwona. Ndiyo maana nimeshona foronya zote hizi."

Mzee Jokofu alizima redio. Aliiweka chini taratibu, kama kitu cha mtu mwingine, akatoka uani, akasimama anatazama tangi la maji. Mama Cherehani alimtazama mgongo kupitia dirishani, akalia, na safari hii hakulia kwa kicheko.

Jioni ile chumba cha manjano kilikaa kimya. Alishona bila sababu, ukuta haukusema kitu. Ijumaa walikula, wakapeana chumvi, wakaambiana kwamba maji yamerudi. Alijua amempoteza. Alijilaani kwa kutosema mapema, kisha akajilaani kwa kusema. Wakati wa kulala ndipo mumewe alipofumbua mdomo.

"Kesho tutabeba na cherehani."

"Wapi?"

"Studio."

Studio yenyewe ilikuwa chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa magodoro membamba. Mpwa mtu alipoona cherehani inaingia imebebwa kama mgonjwa, alitaka kuuliza, lakini taa nyekundu ilikuwa imeshawaka. Mzee Jokofu akakisogelea kipaza sauti.

"Nimewaambia watu hii ni nyota," alisema. "Si nyota. Ni mke wangu anashona foronya."

Mpwa alicheka hewani, hakuweza kujizuia. "Kwa hiyo mjomba, ulimwengu haukuwa unaongea na wewe?"

Mpwa alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono kwenye kitufe cha matangazo Mzee Jokofu alipojibu. "Chuma cha ile sindano," alisema, "kilipikwa ndani ya nyota kabla dunia haijakuwapo. Ndivyo wanavyosema. Na damu ya huyu mama ina chuma hicho hicho, na yangu. Sasa nani alikuwa anaongea na mimi? Sikukosea sana."

Kisha akamvisha mkewe hedifoni. Katika miezi yote ile Mama Cherehani alikuwa ameusikia muziki ule kwa kupitia ukuta tu. Akakunja kitambaa, akakanyaga. Mwanzo alisikia mota yake, basi. Halafu noti ya kwanza ikaingia chini, pana, ikafuatiwa na nyingine, na ile tr-tr yake ndogo, aliyoipigia suruali za shule na mapazia ya watu, ikawa moyo wa kitu kisichokuwa na ukingo. Hakujua tena mguu wake unaishia wapi. Alijihisi mdogo sana na hakuogopa, alijihisi amehesabiwa. Alisahau kugeuza kitambaa, akashona moja kwa moja mpaka akatoka nje ya ukingo, na sindano ikaendelea kutoboa hewa. Alimtazama mumewe kwenye vitufe vyake. Alikuwa amefumba macho.

Walirudi nyumbani mchana. Walisaidiana kuirudisha cherehani mahali pake, wakaikung'uta vumbi la njiani. Mama Cherehani aliketi kwenye kiti chake kwa mazoea. Alingoja mumewe aende chumbani kwake, hakwenda. Alikalia kile kigoda ambacho wateja hukalia wakingoja kupimwa, akageukia ukuta, kwa sababu kumtazama mtu usoni na kuongea vilikuwa vitu viwili ambavyo hakuwahi kujifunza kuvifanya pamoja.

"Nishone?" aliuliza mkewe.

"Usishone."

Akatoa mikono juu ya mashine.

"Muuguzi alinipa amefungwa shuka," Mzee Jokofu aliuambia ukuta. "Akasema nisimfungue, nitaumia bure. Nikamfungua. Nikamtazama mwili wote, kichwa mpaka chini, polepole, kwa sababu nilijua ukiamka utaniuliza, nisije nikasahau kitu. Halafu ukauliza, nikashindwa. Kila mwaka nikawa nashindwa zaidi."

"Sema sasa."

"Alikuwa na nywele nyingi. Nyeusi, zimelowa, zimelala upande mmoja. Paji la uso lilikuwa langu, maskini ya Mungu. Mdomo wake mdogo, umefungwa vizuri, kama mtu aliyekataa uji." Aliupapasa ukuta kwa kidole. "Miguu ilikuwa yako. Kidole kile cha mwisho kimepanda juu ya mwenzake. Mguu wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umenyooka."

Mama Cherehani alivua kandambili ya kushoto. Aliinua mguu, akaushika kwa mikono miwili, akautazama kama hajapata kuuona. Mumewe aligeuka kutoka ukutani, akautazama pia.

"Hivi?" aliuliza mkewe.

"Hivyo hivyo," akasema mumewe. "Ila kidogo."